Kiraka, Kudra na Roho ya Abiria

Kati ya Korogwe na Handeni, gari kuukuu lililokwisha bushi huweza kurudi barabarani kwa mpira uliochongwa kwenye tairi bovu. Sioni dhambi hapo: bushi ya namna hiyo ikianza kufa, gari hugonga na kuyumba, na dereva mwenyewe husikia mapema. Breki ni jambo jingine. Bomba likivuja, wapo mafundi wanaolikunja ili mafuta yasimwagike, gurudumu moja likabaki bila breki, na abiria anayekwenda mnadani hajui wala hakuulizwa. Nafuu hiyo imewekewa rehani roho ya mtu mwingine.

Nitaambiwa ajali ni kudra, siku ikifika imefika. Lakini Mtume, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamtwika mwenye nyumba damu ya atakayeanguka kutoka darini pasipo ukingo. Hoja ya umaskini ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Inaeleza kwa nini spea haikununuliwa; haielezi kwa nini abiria alifichwa. Asiye na fedha ya bomba aliegeshe gari, na jamaa, msikiti na kanisa wamchangie sasa, kama ambavyo wangechangia msiba.