Kujifunza Ukubwani Si Aibu



Yako maradhi yaliyoenea katika miji yetu ya pwani, nayo hayaonekani mwilini. Mtu hupelekwa chuoni akiwa mtoto, akakhitimu msahafu, na tangu siku hiyo hudhani kuwa amemaliza kujifunza. Hukua, akaoa, akafanya biashara, akawa mzee wa mtaa, ilhali elimu yake ya dini ni ile ile aliyotoka nayo chuoni, na nusu yake ameisahau.

Katika darasa yetu alitujia mzee mmoja mwenye wajukuu. Alikuja kwa siri, watu walipokwisha kutoka msikitini, akataka asahihishiwe Fatiha. Alikuwa akisoma «an'amtu» mahali pa «an'amta». La kwanza maana yake ni «nimeneemesha mimi», na la pili ni «umeneemesha Wewe». Irabu moja tu, nayo yaiondoa neema kwa Mola na kumpa mja! Nasi tufuatao madhehebu ya Imamu Shafi twajua kwamba Fatiha ni nguzo ya Sala, na kosa libadilishalo maana haliachwi hivi hivi kwa mwenye uwezo wa kujifunza. Mzee alilia. Alitwambia kuwa shaka ilimwingia zamani, lakini aliona haya kuketi mbele ya mwalimu aliye mdogo kuliko mwanawe.

Basi na tujiulize: haya hii ni haya gani? Haya aliyoisifu Mtume (s.a.w.) ni ile imzuiayo mtu na maovu. Ama ile imzuiayo na elimu si haya, bali ni kiburi kilichovaa kanzu ya haya. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Na Masahaba wakubwa, kina Abubakar na Umar (r.a.), walisilimu wakiwa watu wazima, wakajifunza ukubwani. Umar alikaa mbali kidogo na Msikiti wa Mtume, naye na jirani yake Mwansari walikuwa wakipokezana: leo huyu hushuka kwa Mtume, kesho yule, na arudipo humweleza mwenziwe aliyoyasikia. Shughuli za maisha hazikuwa udhuru kwao.

Tena tumtazame Imamu al-Qaffal wa Marw, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra. Jina lake hilo maana yake ni fundi wa kufuli, na ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alianza kutafuta elimu akiwa na umri wa miaka kama 30, akawa miongoni mwa maimamu wakubwa wa madhehebu yetu.

Watu hupenda kusema kwamba Mtume alituamuru kutafuta elimu tangu susuni hadi kaburini. Maneno hayo wanavyuoni hawakuyapatia isnadi, wala haifai kumnasibishia Mtume. Lakini hatuyahitaji, kwani katika Sura Taha Mwenyezi Mungu amemwamuru Mtume wake aombe kuzidishiwa elimu. Ikiwa yeye ameamrishwa kuomba ziada, ni nani kati yetu aliyetosheka?

Ama njia, si kujitwika mzigo mkubwa kwa siku chache kisha kuutupa, kama tufanyavyo wengi wetu Ramadhani ikisha. Mtume ametufundisha kwamba amali impendezayo Mwenyezi Mungu zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ni kidogo. Tangu Sura ya Dhuha hadi ya Nas ni sura 22. Mwenye kusahihisha moja kila wiki atazimaliza kabla ya miezi sita. Na wakati tunao: baina ya Magharibi na Isha, ambapo wengi wetu tuko barazani kwa kahawa na kwa kutazama simu. Robo saa katika huo yatosha kuanzia. Na yule ambaye ulimi wake ni mzito asivunjike moyo, kwani Mtume ametueleza kuwa asomaye Qurani kwa taabu ana ujira mara mbili.

Mzee yule haji tena kwa siri. Huketi mbele na msahafu wake, na mjukuu wake ubavuni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atuondolee kiburi nyoyoni mwetu. Amin.