Kura, Bahati na Tuhuma

Huko Marekani, timu za kulipwa za mpira wa kikapu hupigiwa kura kila mwaka, ili ijulikane ni ipi itakayotangulia kuchagua vijana wapya. Nia ni kuwainua wanyonge. Mwezi wa Mei 2025 timu ya Dallas, iliyokuwa na nafasi 18 tu katika 1,000, ilishinda, ikamchukua kijana hodari Cooper Flagg. Mara wengi wakanena kwamba kura imefanyiwa hila, kwa kuwa mwezi wa Februari timu hiyo ilikuwa imemtoa nyota wake, Luka Dončić, akaenda Los Angeles. Tuhuma za namna hii ni za tangu kura ya kwanza, 1985, New York ilipompata Patrick Ewing. Wako wasemao hata leo kwamba bahasha yake ilikunjwa pembe makusudi.

Je, jambo la nadra ni ushahidi wa hila? Hasha! Kura isiyoweza kumwangukia mwenye nafasi ndogo si kura. Na kumwita mtu mwizi kwa sababu ya bahati tu ni kumnyang'anya jina lake jema, nalo likipotea halirudi upesi.

Lakini wenye kura nao wana deni. Mwaka huo mipira 14 ilichezeshwa faraghani, mbele ya mashahidi wachache. Umma ukaonyeshwa matokeo baadaye. Gizani tuhuma humea.

Basi, twasema: anayeshuku na alete ushahidi, na anayepiga kura na afungue mlango.