Kupwa na Kupwelewa

Kijana mmoja wa darasa letu hapa Likoni ametuletea swali ambalo twaona si lake peke yake. Amesema kwamba moyo wake umekauka: asoma Kur'ani na machozi hayaji, asimama kuswali na fikira zake ziko sokoni. Akachelea kuwa mnafiki, na kwa khofu hiyo ameacha kuhudhuria jamaa ya alfajiri mpaka moyo utakaporejea. Neno alilolitumia ni hili: "Sheikh, imani yangu imepwa." Twataka kulitazama neno hilo kabla ya kumjibu.

Kupwa ni maji ya bahari kurudi nyuma na kuuacha mchanga wazi. Hata uvimbe ukinywea husemwa kuwa umepwa. Na kutokana na neno hilo hilo nchi yetu imepata jina lake, pwani, yaani mahali maji yapwapo. Ajabu ni kuwa wazee wetu hawakuuita ufuo kwa kujaa kwa maji, bali kwa kuondoka kwake. Hapa Kilindini maji hupwa mara mbili katika usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu huwa ndogo. Avukaye kwa feri ayajua haya kwa miguu yake: maji yakipwa sana mwinuko wa gatini huwa mkali, na wenye mikokoteni husukuma kwa jasho. Lakini feri huvuka.

Je, imani nayo hupwa? Naam. Imam Bukhari ameufungua mlango wa imani katika kitabu chake kwa kubainisha kuwa huzidi na hupungua, na katika Suratul Anfal mna dalili ya kuzidi kwake. Kijana wetu na amkumbuke sahaba Hanzala, aliyelia kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume (s.a.w.) huwa kama aiona Pepo na Moto, na akirudi kwa mke na watoto na mashamba husahau. Sayyidna Abubakar akamwambia kuwa hata yeye hupatwa na hayo. Wakaenda wote wawili, na Mtume hakuwaita wanafiki. Aliwafahamisha kuwa moyo una saa yake na saa yake.

Lakini lugha yetu ina neno la pili, nalo ndilo tulilotaka kulifikia. Chombo kikiachwa juu ya fungu la mchanga, husemwa kimepwelewa. Na mtu sauti ikimkauka, husemwa vivyo hivyo. Kupwa ni kwa maji, na maji hayana lawama, kwani yaenda kwa amri ya Mola wao. Kupwelewa ni kwa chombo, na hapo nahodha huulizwa: Hukujua saa ya maji? Mbona hukutia magadi? Chombo chenye magadi ubavuni husimama wima juu ya mchanga mkavu. Kisicho nayo hulala upande, na maji yarudipo huingia ndani kabla hakijaelea. Tena mafundi husubiri kupwa ili wakwangue chombo na kukipaka deheni, kazi isiyowezekana kikiwa majini.

Kijana wetu imani yake imepwa, na hilo halimtii katika unafiki. Alipoiacha jamaa ndipo alipoyaondoa magadi kwa mkono wake, tena kwa nia njema, na nia njema namna hii imewaangusha wengi. Twasikia pia kuwa yuko aliyemwambia ana jini, na kwamba alipe fedha apungwe. Twasema wazi: huo ni ulaji wa mali za watu kwa batili. Hana jini, ana moyo wa mwanadamu.

Jibu letu ni kuwa arudi msikitini kesho, na moyo ukiwa mkavu aende nao hivyo hivyo. Swala alizoziswali peke yake nyumbani kwa wakati wake ni sahihi, wala hazirudii. Zile zilizompita kwa usingizi azilipe, aanze na ya leo.