Sahani ya Urithi: Ukweli wa Chombo na Ukweli wa Njia

Katika desturi zetu za Ituri, mzee akifa, siku za kilio zikiisha, jamaa inakaa pamoja na kugawa vitu alivyoacha. Maneno mengi yanakuwa ju ya shamba, ng'ombe na nyumba. Vyombo vya kula vinapita haraka: huyu achukue sufuria, yule achukue vikombe. Lakini katika nyumba zingine za Mudzipela, na za kartie zingine za Bunia, kuko sahani moja ama bakuli moja ambayo haigawiwi haraka. Ni nyeupe, imepambwa kwa rangi ya buluu, na juu yake kuko picha ya kinu cha upepo, mashua ama maua. Watu hawakulia ndani yake. Ilisimama kabatini, na wote wa nyumba wanajua maneno yake: "Hii iko ya Hollande, ya zamani sana. Tate aliipata kwa Wazungu."

Swali tunalotaka kuweka mbele ya wasomaji ni hili: je, jamaa ina lazima ya kujua kama maneno yale ni ya kweli? Na ikijua kwamba si ya kweli, je, urithi umepungua? Wengine watasema ni swali la matajiri. Sisi tunaona ni swali la kila nyumba, sababu ndani yake kuko maswali mawili ambayo watu wanayachanganya: chombo kilitengenezwa wapi, na kiliingia kwetu kwa njia gani.

1. Chombo chenyewe kinasema nini

Katika miaka ya 1600 wafanyabiashara wa Uholanzi walileta Ulaya kauri nyingi kutoka China, nyeupe yenye buluu. Karibu na katikati ya karne ile, vita vya China vilipunguza biashara hiyo. Wafinyanzi wa mji wa Delft wakapata nafasi. Walichukua udongo wa kawaida, wakauchoma, wakaupaka rangi nyeupe ya kung'aa iliyochanganywa na bati, wakachora buluu juu yake, kisha wakauchoma tena. Kwa hiyo tukumbuke jambo hili mwanzoni kabisa: hata Delft ile tunayoiita "ya kweli" ilianza kama mwigo wa China.

Njo maana alama ya kwanza ya kutazama ni pale ambapo chombo kimemeguka. Kauri ya China ni nyeupe mpaka ndani. Delft ya zamani, chini ya ngozi yake nyeupe, inaonyesha udongo wa manjano ama wa kahawia. Ukiigonga polepole kwa kidole, kauri inalia kama kengele, na udongo unatoa sauti nzito.

Alama ya pili ni mchoro. Mkono wa mtu haurudii mstari mara mbili sawasawa. Kama maua yote yanafanana kabisa, ama kama kwa lupu unaona vitone vidogo-vidogo kama vya picha ya gazeti, basi mashine ilifanya kazi hiyo.

Alama ya tatu iko chini ya chombo, na hapa wengi wanadanganyika. Wanaona neno "Delft" ama "Delfts" na kufurahi. Lakini mafundi wa miaka ya 1600 waliweka alama za karakana zao, si neno hilo. Neno likiandikwa wazi chini, kwa kawaida chombo ni cha miaka ya mwisho ya 1800 ama cha baadaye. Maneno kama "Made in Holland" ama "Made in Belgium" yanatuleta karibu zaidi, kwa kawaida katika miaka ya 1900. Karakana ya De Porceleyne Fles, iliyoanzishwa Delft mwaka 1653 na ingaliko leo, tangu 1879 inaweka herufi inayoonyesha mwaka. Yenye herufi hiyo inaweza kusomwa kama cheti cha kuzaliwa.

Kisha tuulize: ni chombo gani kiliweza kufika kwetu? Upande wa pwani, Unguja na penginepo, mabakuli ya Uholanzi yalifika kwa wingi katika miaka ya mwisho ya 1800 na ya mwanzo ya 1900. Lakini hayakutoka Delft. Yalitoka viwanda vya mji wa Maastricht, kama kile cha Petrus Regout, ambacho tangu 1899 kiliitwa De Sphinx. Yalikuwa mabakuli ya bei ndogo, yenye maua yaliyogongwa kwa sponji, ya kulia kila siku.

Kwetu Ituri njia ilikuwa ingine. Dhahabu ya Kilo ilianza kuchimbwa mwaka 1905, na kampuni ya Kilo-Moto iliundwa mwaka 1926. Wabelgiji walijaa: mainjinia, maajenti, mapadri, masista. Walileta vitu vya kwao. Na kule Ubelgiji, mjini La Louvière, kiwanda cha Boch Frères, kilichoanza mwaka 1841, kiliajiri wachoraji kutoka Uholanzi, kikatengeneza sahani za buluu zenye vinu na mashua, kikaandika chini yake "Delfts". Tena Waflamand wengi waliokuja huku walisema kiholanzi. Kwa hiyo mtu aliyesikia bwana wake akisema "Delfts" alisikia sawa. Lakini sahani yenyewe, mara nyingi, ni ya Ubelgiji, na umri wake haupiti sana ule wa tate aliyeitunza.

2. Je, ukweli huo unavunja urithi?

Wako wanaosema: "Usipinge maneno ya wazee. Ukisema sahani si ya Hollande, umemwita tate muongo." Tunaheshimu woga huo, lakini hauna msingi. Kukosea si kudanganya. Tate alisema alichoambiwa, na sahani yenyewe iliandikwa vile. Uongo unaanza siku ile mjukuu anageuza sahani, anasoma "La Louvière", anaelewa, kisha anamwambia mnunuzi: "Hii ina miaka mia tatu." Maneno ni yaleyale ya tate, lakini kinywani mwa mjukuu yamekuwa wizi.

Tena tutazame nyungu zetu wenyewe. Mama wafinyanzi wa Ituri walizijenga kwa mkono, wakaviringisha kamba iliyosokotwa shingoni wakati udongo ungali mbichi, wakazichoma kwa majani na kuni. Hakuna aliyeandika jina chini. Na bado kila nyumba ilijua: nyungu hii mama aliletewa na dada yake, ile ilipikiwa siku ya mahari ya fulani. Ushuhuda wa watu ulikuwa muhuri. Wenzetu wa pwani wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi tunaongeza: na yule aliyeteka maji kwa kata hiyo kila asubuhi.

Basi sahani ya Boch ambayo tate alipewa na sista kwa miaka ishirini ya kazi ya kufua, akaificha chini ya nguo wakati wa fujo zote, ni mwigo wa Delft lakini ni urithi wa kweli. Bei yake sokoni ni ndogo. Kile inachokumbusha, miaka ishirini ya mikono ndani ya maji, hakikupungua hata kidogo.

3. Njia ya kuingia

Kuko upande wa pili, ulio mgumu. Chombo kinaweza kuwa cha kweli kabisa, na urithi ukawa wa uongo.

Katika miaka ya 1960 Wazungu wengi waliondoka haraka. Wengine waliwaachia watumishi wao vitu kwa mkono, mbele ya watu. Nyumba zingine zilifunguliwa tu. Halafu ikaja vita yetu wenyewe, tangu 1999. Mwezi wa Mei 2003 Bunia ilivunjika. Watu walikimbia na mtoto mgongoni, na mwezi wa Juni, wakati wanajeshi wa Operesheni Artemis walipofika, wengi walirudi kukuta nyumba bila milango wala mabati. Vyombo vilitembea kutoka kartie moja kwenda ingine, kutoka kabila moja kwenda lingine. Vingine vilipita sokoni. Leo, baada ya miaka zaidi ya ishirini, viko vimesimama kabatini, na watoto waliozaliwa baadaye wanaviita "vya jamaa".

Wengine wanajitetea: "Na sisi tuliporwa. Hii ni malipo." Tufikiri vizuri. Aliyetupora sisi siye aliyekuwa mwenye sahani hii. Mwenye sahani alikuwa labda mama mjane, aliyekimbia kama mama yetu. Tukiishika kwa sababu tuliumizwa, tumemlipisha deni mtu asiyetukopa. Na mtoto anayepokea sahani hiyo anapokea tu kile ambacho mzazi alikuwa nacho kwa haki. Kama mzazi hakuwa na haki, kifo chake hakikuiumba.

Vipi kuhusu aliyenunua sokoni bila kujua? Huyo hana hatia. Lakini siku atakapojua, ana kazi: aseme, atafute, na mwenye mali akipatikana, waongee mbele ya wazee wa pande zote mbili. Asipopatikana, sahani ikae, lakini isipewe hadithi ya tate. Iitwe jina lake: chombo cha vita, mwenyewe hajajulikana.

4. Tunachopendekeza

Mzee akingali hai, mkae naye mkamuulize: nani alikupa, mwaka gani karibu, nani alikuwapo? Muandike katika daftari, pamoja na maneno yaliyo chini ya chombo, herufi kwa herufi, na kupiga picha yake. Musikisugue kwa mchanga wala kuunganisha vipande kwa gundi kabla ya mtu anayejua kukitazama. Mnunuzi akija, mumuonyeshe daftari lote, hata ukurasa unaoshusha bei.

Na kama mzee akiulizwa ju ya njia ya sahani ananyamaza, musimlazimishe siku hiyo. Murudi siku ingine. Lakini murudi, sababu baada ya kilio hakuna wa kumuuliza tena.