Adabu ya Mwanga Usiku wa Kambarage

Bendi huru, yaani kundi la wanamuziki lisilofungwa na mkataba wa kampuni ya kurekodi na linalojigharamia nauli, vyombo na matangazo, ina watangulizi wa zamani katika nchi ya Wasukuma. Kabla magitaa ya umeme hayajafika, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilishindana baada ya mavuno kuvuta watazamaji, na mchezaji hodari alijulikana vijiji vya mbali kwa sifa iliyomtangulia midomoni mwa watu. Bendi ya leo inayopita Shinyanga na Kahama hadi Geita hutanguliwa na picha kwenye simu, na kwa hiyo mpiga picha anayeandamana nayo mitaani usiku ndiye anayeamua wanamuziki hao, pamoja na wakazi waliosimama nyuma yao, watajulikana kwa sura ipi.

Usiku mitaa ya Kambarage mjini Shinyanga humulikwa na vyanzo vingi visivyopatana: taa za maduka, taa za bodaboda, balbu inayoning'inia juu ya karai la chipsi. Umeme wa gridi ya Tanzania huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za bei nafuu hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde, jambo ambalo jicho halilitambui lakini kamera hulinasa. Shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, likifunguliwa kwa sehemu ya 1/500 ya sekunde, picha huweza kukatizwa na mistari ya giza. Mpiga picha hulazimika kushuka hadi 1/100 au 1/50, na kwa kasi hiyo mkono wa mpiga ngoma hugeuka ukungu, kwa hiyo inampasa kusubiri mwimbaji atulie kati ya beti mbili. Asiye na subira huwasha flashi, ile taa ya kamera inayomweka kufumba na kufumbua.

Hapo ndipo ufundi unapokutana na historia ya mahali. Gizani mboni hupanuka, na flashi iliyokaa karibu na lenzi hupeleka mwanga hadi nyuma ya jicho penye mishipa ya damu, kisha mwanga huo hurudi ukiwa mwekundu. Kwingineko hiyo ni dosari ya kuchekesha; katika mikoa hii, ambako kwa miongo kadhaa wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni, ni vigumu kuichekea picha ya bibi aliyekuja kutazama bendi na kuonekana hivyo. Kuitenga taa na lenzi, au kuielekeza ukutani ili mwanga urejee kwa upole, huiondoa dosari hiyo.

Flashi yenyewe haina hatia. Jean Depara, aliyepiga picha za starehe za Kinshasa kuanzia miaka ya 1950 na kumpiga picha mwanamuziki Franco katika ujana wake, aliitumia bila haya, lakini wengi wa watu wake walikuwa wamejipamba na kujipanga wakitaka kuonekana. Katika mji wa dhahabu kama Geita si kila aliye mbele ya spika anataka hivyo: yumo mchimbaji mdogo ambaye nyumbani hawajui yuko wapi, na yumo mhudumu wa baa ambaye kazi yake ni siri kwa wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya matumizi ya taarifa zinazomtambulisha mtu, ingawa (na hili halihitaji wakili) kuuliza kabla ya kupiga na kumwonyesha mtu picha yake kwenye kioo cha kamera ni adabu iliyokuwapo kabla ya sheria yoyote. Akikataa, ifutwe mbele yake. Kesho yake bendi itakuwa Mwanza, na yeye atakuwa palepale, kati ya majirani wenye simu.