Ndugu kwa Mzizi au kwa Tope?

Ndugu msomaji, undugu unatoka wapi: kwenye damu, au mahali mnapoishi pamoja? Wataalamu wa mimea wanaulizana jambo hilohilo, na hawajamaliza.

Tazama Ulaya. Kuna kichaka cha miiba chenye matunda meusi ambayo watoto huchuma njiani. Mwaka 1753 Linnaeus, yule Mswidi wa majina ya kisayansi, alikiita Rubus fruticosus, basi. Waliomfuata wakaona jani hili limechongoka, mwiba ule umepinda, wakaanza kugawa. Mbegu nyingi za kichaka hicho hutokea bila dume na jike kuchanganyika, kwa hiyo tofauti ndogo hurithiwa kama ilivyo. Leo Uingereza peke yake wanahesabu aina zaidi ya 300. Mtoto mchumaji anaona tunda moja tu.

Sasa shuka nasi delta ya Rufiji, mambo ni kinyume. Sisi tunasema mikoko, na ndani ya jina hilo mna mkoko wenyewe, msinzi, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi na msikundazi. Mtaalamu anatuambia mkoko, msinzi na mkandaa kweli ni ukoo mmoja. Lakini mkomafi ni ndugu wa mwarobaini. Mlilana ni wa ukoo wa mhina na mkomamanga. Msikundazi, eti, ni jamaa wa mbuyu! Kilichoikutanisha ni tope na maji ya chumvi.

Je, wazee walikosea? Hata kidogo. Fundi wa jahazi anayetafuta mataruma anaujua mlilana, haumpotei. Majina ya mmoja mmoja tunayo. Jina la pamoja linasema jambo jingine: miti hii imeweza kuishi pagumu, kila mmoja kwa namna yake, na yote inashika udongo bahari isiuchukue.

Na watu je? Mrufiji ni jina la mto. Ndani yake mna Mndengereko, Mnyagatwa, Mmatumbi na wengine. Hata serikali iliacha kuuliza kabila baada ya sensa ya 1967. Lakini Mei 2012, wakulima na wafugaji walipoumizana hapa Ikwiriri, tulijua tena kutenganisha mwenyeji na mgeni. Ugomvi wa shamba na malisho una sheria zake, na aliyeliwa mazao alipwe. Ila wafugaji wengi walifika huku baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006, na watoto wao wamezaliwa hapa. Hao nao tutawaita wageni mpaka lini, jamani?

Mimi nasema mzizi tumwachie mtaalamu, kazi yake inauhitaji. Sisi tuchague tope. Lakini undugu wa tope nao una sharti lake: ukishakaa, shika udongo pamoja na wenzako. Asiyeshika, awe mwenyeji au mgeni, maji yakija hatatusaidia.