Dhahabu ya Kuvaa na Dhahabu ya Kuweka

Kila Ramadhani inapokaribia, masheikh wetu huulizwa: vidani na bangili za mke wangu vina zaka? Mshafii atajibu havina, Mhanafi na Muibadhi watajibu vinayo, na hapo husikika maneno kwamba wanazuoni wameichanganya dini. Hawakuichanganya. Abu Dawud amepokea habari ya mwanamke aliyemwendea Mtume (s.a.w.) na binti yake aliyevaa bangili mbili nzito za dhahabu, Mtume akamuuliza kama anazitolea zaka, na aliposema hapana akamhofisha kwa moto. Hapo ndipo waliposhika Mahanafi: dhahabu ni thamani kwa asili yake, na kufuliwa bangili hakuiondolei hukumu. Lakini Imam Malik katika Muwatta amepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliwalea mabinti mayatima wa ndugu yake, nao walikuwa na mapambo asiyoyatolea zaka, na Ibn Umar alifanya vivyo hivyo kwa mabinti zake. Kwa hiyo Malik, Ahmad na Shafi, katika kauli yake yenye nguvu, wakaona kuwa pambo linalovaliwa limetoka katika mali inayokua likawa kitu cha matumizi, kama nguo ya mwilini. Kila upande una athari mkononi na hoja nyuma yake.

Mtu atasema: basi, kama wote wana dalili, nashika iliyo nyepesi. Anayesema hivyo ameisoma nusu ya hukumu. Msamaha wa Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, una masharti: pambo liwe halali kwa mvaaji, lisipite kiasi, na liwekwe kwa ajili ya kuvaliwa. Mkufu wa dhahabu wa mwanamume una zaka, kwa kuwa kuuvaa kwake ni haramu. Na dhahabu iliyonunuliwa ifungiwe kabatini kwa kuhofia shilingi kushuka, hata ikiwa na sura ya kidani, ni akiba. Ikifika mithqali 20, yaani takriban gramu 85, na mwaka wa Hijria ukapita, hutolewa asilimia 2.5. Katika hili Imam Shafi hamwokoi mtu.

Wengine husema nia ni siri, nani atajua kilichonunuliwa kuvaliwa na kilichonunuliwa kuwekwa? Mwenye mali anajua, na zaka ni ibada kabla ya kuwa hesabu. Mwenye shaka ana njia waliyoisifu mafakihi wa Kishafii wenyewe: kutoka katika khilafu, yaani tofauti ya wanazuoni, kwa kutoa zaka. Fungueni makabati, pimeni, mumuulize sheikh wenu kwa ukweli wa nia zenu, na haki ya fakiri imfikie mwenyewe kabla mwaka haujageuka.